Mitungi Minne ya Ukuta wa Kusini

Gundpora, 5 Novemba 1979

Samad mwanangu,

Salaam zangu zikufikie wewe na Hajra na huyo Posha wangu mwenye meno mawili. Kama yameshakuwa manne niambie, maana huku nawaambia watu mawili, nisije nikaonekana mwongo. Mimi mzima. Goti ni lile lile. Anayeniandikia ni Lassa wa posta, amekaa hapa anakunywa chai yangu ya chumvi, kikombe cha tatu hicho, na mkate wangu wa kesho ameshaumaliza. Anasema nisiseme hivyo kwenye barua ya watu. Andika, Lassa. Mwanangu anakujua tangu ulipokuwa na nywele.

Binti wa Fazi ameposwa na mtu wa Kulgam, mwenye kigugumizi lakini ana shamba. Fazi anasema afadhali, hataweza kumtukana mwanangu haraka. Ng'ombe yupo, anakula kuliko anavyokamuliwa. Mabilinganya na zamda, mboga zetu za baridi, nimezianika zote kwenye kamba madirishani, nyumba imekuwa kama bibi harusi. Nyama ya Idi uliyoniachia nimeikausha, nitaila kwenye zile siku arobaini za baridi kali, nikijaliwa.

Sasa lile jambo letu. Nataka liandikwe, lisije likageuzwa njiani. Siku ya pili ya Idi, mbele ya baba yako mdogo Ramzan, ulisema, Mama, huwezi kukaa peke yako baridi nyingine, mwaka jana ulianguka kwenye barafu ukalala hapo toka adhuhuri mpaka magharibi. Kweli nilianguka. Nikasema siendi Kalkuta, nina nyuki. Ukacheka. Ramzan akacheka zaidi yako, maana nyumba hii anaitaka amwozee mwanawe. Basi nikaapa na wewe ukaapa. Mlozi ukichanua, na hata mtungi mmoja tu kati ya ile minne ya ukuta wa kusini una nyuki hai, nabaki, na hakuna wa kunitajia Kalkuta mpaka nizikwe. Yote minne ikiwa kimya, napanda lori nakuja, na Ramzan apewe ufunguo. Ndivyo tulivyosema. Lassa ameandika, Lassa ni shahidi.

Ulivyokuwa unacheka nilikutazama nikasema huyu amesahau. Hao nyuki, ulikula asali yao tangu hujui kutembea. Ngoja nikukumbushe alivyokuwa akisema baba yako, maana mimi shule sikwenda lakini masikio ninayo. Nyuki wa kiangazi anaishi siku arobaini, basi. Anafagia, analea watoto wa malkia, anakwenda mauani, mabawa yanachanika kama kilemba cha maskini, anaanguka. Lakini yule anayezaliwa saa hizi, majani ya mti wa chinari yakishakuwa mekundu, huyo ni mtu mwingine kabisa. Amenona, na hana mtoto wa kulea. Huyo anaishi miezi sita. Hawalali, usifikiri wanalala. Wanajikusanya mpira mmoja, malkia katikati, wanatetemeka bila kuruka ili wapate joto, wa nje wanaingia ndani, wa ndani wanatoka nje, zamu kwa zamu, mpaka mlozi. Na baba yako alisema nyuki wa baridi asiamshwe. Akiamka anakula, akila anataka kulea, akilea anazeeka, na akizeeka Januari ni nani atatoka Machi?

Nyuki madume wameshafukuzwa. Jana nilimwona mmoja anaburutwa mlangoni na wanawake watatu, nikamwita Lassa aje ajifunze.

Asali sikutoa, safari hii yote ni yao. Sega moja tu, la Posha, nimelitia kwenye kopo, Ramzan atalipeleka kwa dereva. Vifuniko vya ndani nimeviziba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, nje nimeacha tundu la kidole. Ng'ombe chini anapumua, joto lake linapanda taratibu, mimi chumbani na kangri yangu ya makaa chini ya joho, na wao ukutani. Kila siku baada ya alasiri naweka sikio kwenye kifuniko. Minne yote inavuma, kidogo, kama mtu anayesoma uradi.

Lala salama mwanangu, na usile samaki kila siku kama hao wateja wako wa Kalkuta.

Mama yako, Mokhta


Kalkuta, 24 Novemba 1979

Mama yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Barua yako ilifika jana, nikaisoma dukani mbele ya wateja nikacheka peke yangu. Posha ana meno manne sasa, waambie manne bila wasiwasi. Asali imefika. Hajra anakusalimu, anasema hapa hakuna mboga inayofanana na ya kwetu hata moja. Biashara inakwenda. Mabibi wa huku wanaanza kuvaa shali mapema, wanasema ni baridi, na mimi natokwa na jasho. Tumepata chumba cha tatu. Nakwambia tu, sikulazimishi.

Mama, hicho kiapo nakikumbuka. Mimi ni mtu wa neno langu. Lakini toka nilipoondoka sipati usingizi nikifikiria goti lako na ile barafu ya mlangoni. Kwa hiyo nimekutumia jiko la chuma, lile la kuni, lenye bomba la moshi. Dereva Gaffar atalishusha Islamabad yetu hiyo ya hapo jirani na baba mdogo Ramzan atalileta kwa farasi wake. Nimemwandikia namna ya kulifunga. Likae chumbani kwako, ukuta wa kusini, bomba litokee pale kando ya mitungi, kwa sababu upande huo upepo haurudishi moshi ndani. Mafundi wote wanasema hivyo. Na kuni nimeshazilipia, zitashushwa uani.

Tafadhali usizibanie kuni, Mama. Washa asubuhi, washa jioni. Mimi nikijua una joto nitalala.

Mwanao, Samad


Gundpora, 26 Desemba 1979

Samad mwanangu, jicho langu,

Salaam kwako na kwa Hajra na kwa mwenye meno manne. Nimewaambia wote manne. Raja wa jirani akasema juzi yalikuwa mawili, nikamwambia kwetu tunakua haraka.

Huku theluji imefika kwenye kizingiti. Lassa amekuja amevaa soksi tatu na bado anatetemeka. Mzee Subhan wa kinu amefariki, Mungu amrehemu, alikuwa anakudai embe moja tangu ulipokuwa mdogo, wewe ulisema embe gani. Binti wa Fazi ameolewa. Bwana harusi alianza kusema "nimekubali" saa nne, akamaliza saa tano. Fazi mwenyewe ndiye anayesimulia hivyo, si mimi.

Jiko limefika. Kijiji kizima kilitoka kulitazama. Farasi wa Ramzan alikuwa amelala chini kabisa hapo mlangoni, anakataa kuamka mpaka wamwondolee chuma. Ramzan akaanza kutoboa ukuta wa kusini. Nikamwambia, we Ramzan, si huo, huo una wenyewe. Akasema, "Shemeji, ni amri ya Samad, barua hii hapa." Nikamwambia Samad yuko Kalkuta, ukuta uko hapa. Akanitazama, na watu wamejaa mlangoni, Raja, Fazi, mke wa imamu, wote wanangoja. Raja akasema, "Mtoto kaleta kitu cha thamani kutoka mbali, mama anakataa. Mimi wangu ananiletea nguo za kufua." Basi ningesema nini? Nikasema toboa. Nikajiambia nitawasha kidogo, vijiti viwili.

Samad, sijawahi kuona joto kama lile. Nilivua joho chumbani kwangu, mwezi wa Desemba! Goti likanyooka lenyewe. Tangu siku hiyo sipati kukaa peke yangu. Baada ya alasiri wanaingia mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Fazi kaja kuazima sindano, hiyo sindano ameiazima mara nane. Raja hana hata kisingizio, anakaa anasema, "Mokhta, mwanao amekujengea jehanamu ndogo, Mungu amlipe pepo." Mke wa imamu anasokota sufu yake hapa. Tunacheka mpaka ng'ombe anaitika huko chini. Na mgeni akiwa ndani utamwambia nini, moto umeisha? Wewe unamwona mtu anajikunyata, unatia ukuni. Kwetu hatufanyi hivyo, kumnyima mgeni moto, hata adui.

Nyuki wapo. Wanavuma. Wanavuma sana, hata huhitaji kuweka sikio, watu wanasikia wamekaa. Raja anasema kama samawari inayotaka kuchemka. Mimi nimesema wanatushukuru.

Wawili watatu nimewaona kwenye theluji. Hao wazee tu, wazee hawakosekani.

Nibusie Posha.

Mama yako


Kalkuta, 15 Januari 1980

Mama mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, Posha alikuwa na mafua yamekwisha. Redioni wanasema njia ya mlimani ya Banihal imefungwa kwa theluji, sijui barua hii itakufikia lini. Nimefurahi sana kusikia goti limepata nafuu.

Hujaniambia vizuri habari ya nyuki. Wanavuma bado? Hao wa kwenye theluji wameongezeka? Na jiko unaliwashaje? Kama kuna siku si za baridi sana, labda si lazima uwashe kutwa. Sijui. Fanya unavyoona.

Ukimpata Lassa niandikie hata mistari miwili.

Mwanao, Samad


Gundpora, 24 Februari 1980

Samad mwanangu,

Salaam. Barua yako imechukua mwezi na zaidi, Lassa amenikabidhi jana ikiwa na alama ya kiatu. Anasema si chake. Nimepima, ni chake.

Sisi huku hatujambo. Zile siku arobaini za baridi kali zimekwisha, zile ishirini zilizofuata nazo zimekwisha, tumebaki na hizi kumi za kitoto. Paa la msikiti liliinama upande mmoja kwa theluji, wanaume wakapanda kulipakua, Ramzan akateleza akaja kutua kwenye rundo, kichwa chini, miguu juu. Hakuumia. Mke wake alisema ndiyo mara ya kwanza miaka ishirini amekaa dakika nzima bila kuongea. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe. Mke wa imamu amemaliza sufu yake, ameanza nyingine. Nyama ya Idi imekwisha. Zamda zipo. Mchele upo. Kuni ulizoleta zimebaki robo.

Nini tena. Mtoto wa Fazi ana mimba, yule aliyeolewa. Ati mumewe ameanza kuongea vizuri tangu amejua, eti kigugumizi kimepungua. Sijui. Watu wanasema mengi.

Raja aliumwa jino, tukaling'oa hapa kwa uzi na mlango.

Nyuki wazima. Andika, Lassa. Wazima. Unanitazama nini? Mimi ndiye ninayesema, wewe ni mkono tu. Wazima, na mlozi ukichanua utasikia habari zao. Mwambie kwamba mama yake ameshinda na chumba cha tatu wamtie mpangaji.

Basi. Nimechoka leo. Salaam kwa wote.

Mama yako, Mokhta

Samad, hapa chini naandika mimi Lassa, kwa mkono wangu, yeye hajui. Amekwenda kuchota maji. Nisamehe, nimeandika barua za watu miaka thelathini na sijaongeza neno langu hata moja. Theluji iliyo mbele ya ukuta wa kusini imekuwa nyeusi. Tangu katikati ya Januari wanatoka, kila siku jiko likipamba moto wanatoka, wanaruka hatua tatu wanaanguka. Asubuhi anafagia kabla watu hawajaja. Mtungi wa kwanza na wa pili siusikii tena. Nilimwambia zima jiko, Mokhta. Akaniambia nishughulike na stempu zangu. Sijui umwambie nini. Ila ujue.


Kalkuta, 9 Machi 1980

Mama yangu,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Leo nimefunga duka nimekaa nyuma kwenye marobota, na barua hii nimeianza mara tatu.

Lassa ameniandikia kuhusu nyuki kwenye theluji. Usimkasirikie, kama si yeye nisingesema haya.

Mama, nilijua. Nilipokwambia jiko likae ukuta wa kusini, hakuna fundi aliyenambia habari ya upepo. Unakumbuka mwaka ule nilipokuwa na miaka tisa, ulikwenda msibani ukaniacha na Baba? Nilisikia baridi, nikaweka samawari chini ya mtungi wa pembeni nikajaza makaa, siku nne mfululizo. Nyuki wakaanza kutoka. Baba hakunipiga. Alinitoa nje kwenye theluji, akavua kofia yake akanipa, akasema waokote mmoja mmoja. Niliokota mpaka kofia ikajaa. Akasema, "Wangeishi mpaka mlozi, wewe umewafanya wazee kwa siku nne." Mtungi ule ulikufa. Wewe uliporudi alikwambia ni panya.

Kwa hiyo nilijua. Nilikaa hapa Kalkuta nikafikiri, nikimwandikia aje hatakuja, nikimlazimisha ataniona adui, lakini nyuki wakifa wenyewe atakuja na hakuna wa kulaumiwa. Nilitaka uwe na joto, hilo kweli. Lakini ukuta niliuchagua kwa makusudi. Januari nilianza kujuta ndiyo nikakuuliza uliza, na hata hapo sikuwa na moyo wa kusema zima.

Kiapo nimekivunja mimi, kwa hiyo hakikufungi wewe. Baki nyumbani kwako. Nimemwandikia baba mdogo asikuguse na asikutajie ufunguo. Nitakutafutia nyuki wengine kutoka Kokernag, nitakuja mwenyewe kuwatia ukutani. Jiko litolewe.

Sijamwambia Hajra.

Mwanao, Samad


Gundpora, 30 Machi 1980

Samad,

Salaam kwako na kwa Hajra na mtoto. Mlozi umechanua tangu Ijumaa. Wa kwetu na wa Fazi. Wa Ramzan bado, wake hufuata tabia yake.

Barua yako ilifika na ilisomwa, na nikwambie ilivyosomwa. Lassa alikaa pale pale anapokaa. Akaanza asalaam aleikum, marobota, mara tatu, vizuri tu. Halafu akaishusha karatasi. Nikamwambia soma. Akasema, "Hapa wino umemwagika." Nikamwambia umemwagika na usoni kwako pia? Soma. Akakohoa, akaomba chai. Nikasema chai hupati. Akasoma. Mstari uliofuata ulikuwa unamhusu yeye, Samad, masikini alisoma jina lake mwenyewe kama mtu anayesoma hukumu. Nikamwambia Lassa, wewe nyoka wa posta, nitakushughulikia baadaye, endelea. Akaendelea. Alipomaliza, mimi nilikuwa natazama dirisha. Nikamwambia nenda nyumbani na usirudi mpaka nikuite.

Nimekaa siku tatu. Siku ya nne nikachukua kisu nikafungua vifuniko.

Wa kwanza, hamna kitu, masega makavu na vumbi. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, ngumi moja ya nyuki waliokufa, vichwa vyao vimeingia kwenye matundu ya masega, wanatafuta tone la mwisho, makalio nje. Wa nne ndio ulionikalisha chini. Asali ilikuwepo! Upande wa chumbani, sega zima, halijaguswa. Na wao wako kiganja kimoja kutoka hapo, wamekufa kwa njaa. Nikauliza moyoni kwa nini hamkusogea? Nikawapangusa kwa manyoya ya kuku, chini yao nikakuta majana. Watoto, Samad, weupe, duara dogo kama kikombe. Moto uliwadanganya kwamba ni masika, malkia akataga, wao wakaanza kulea, na baridi iliporudi usiku wasingeweza kwenda kwenye asali bila kuwaacha watoto. Hawakuwaacha. Walikuwa wachache mno kukaa pande zote mbili.

Walikufa mlozi ukiwa bado wiki mbili.

Sasa nisikilize. Lassa nimemwita, ndiye anaandika, na kaahidi safari hii mkono wake utakaa kwenye maneno yangu. Unasema wewe ulijua. Nilivyosikia nilitaka kukuombea mabaya, nilifungua kinywa kabisa, nikakifunga. Maana na mimi nilijua. Baba yako aliniambia habari ya samawari usiku ule ule, panya gani? Unafikiri mume anaweza kumficha mkewe mtungi uliokufa? Nilijua tangu Ramzan anatoboa. Nilijua waliposhika kuvuma kama samawari. Nilikuwa naamka alfajiri nawafagia, nasema leo siwashi. Halafu inafika alasiri, nasikia viatu vya Raja vinapigwa kwenye kizingiti vitoke theluji, na mkono wangu huu unatia ukuni. Siku moja nilizima. Wakaja, wakakaa kidogo, wakaanza kuaga mmoja mmoja, Fazi akasema kesho. Mlango ulipofungwa nikawasha tena, peke yangu, ili kesho waje.

Miaka kumi na moja tangu baba yako afe nimekaa chumba hiki na kangri moja na hao nyuki. Nilisema nabaki kwa ajili yao. Nilikuwa nakwambia hivyo wewe, nawaambia majirani, hata Mungu nilimwambia. Ikaja baridi moja yenye watu, nikawaua.

Wewe uliweka jiko, mimi niliweka kuni. Na ile barua ya Februari nilisema wazima nikijua mitungi miwili tu ndiyo inapumua. Kwa hiyo usinitolee kiapo kama zawadi. Huwezi kunifungulia kamba niliyojifunga mwenyewe. Tulisema yote minne ikiwa kimya. Iko kimya. Nilipitisha sikio leo tena, ujinga tu, nilishaifungua.

Nyuki wa Kokernag usiniletee. Hao wana ukuta wao.

Ndama nimempa Fazi, ng'ombe atakwenda kwa Raja, ndiye anayempenda. Wamelia. Mke wa imamu anauliza jiko litabaki? Nimemwambia litabaki, na mje kukaa humu hata kama ni kwa Ramzan, mumkere mpaka ajute kuichukua.

Ufunguo sijampa Ramzan. Anapita kila siku anauliza goti linaendeleaje. Nitautia mkononi mwako, wewe ndiye utampa, na mimi nitakuwa nimesimama pale nakutazama. Hilo ndilo ninalokudai, mengine tutajuana huko huko, tuna muda wote.

Njia ya Banihal imefunguliwa. Lassa anauliza aweke siku gani ya wewe kuja, nimemwambia asiweke, aandike hapa chini neno lako wewe na aache nafasi ya tarehe, ujaze mwenyewe kisha uirudishe karatasi hii hii kwa posta, niweze kuhesabu.

Nakuja kukuchukua, Mama, tarehe ............